Mwendo wa Risasi Hupimwaje?

Leo naeleza jinsi mwendo wa risasi unavyopimwa. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia yake: kupiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia, kisha kupima ulivyobembea. Siku hizi Wamarekani wanaojijazia baruti katika maganda yaliyokwisha kutumika wana kronografu. Macho yake mawili ya umeme hunasa kivuli cha risasi ikipita. Tuseme yameachana mita 1, na risasi ikatumia sehemu moja ya 800 ya sekunde. Basi mwendo ni mita 800 kwa sekunde. Kwangu, faida kubwa ni usalama. Mwendo ukizidi ule wa kitabu cha vipimo, huenda msukumo wa gesi umezidi. Mwenye busara huacha kufyatua, kabla bunduki haijampasukia usoni.