Dakota ya Nachingwea: Ndege ya Vita Iliyogeuka Chombo cha Riziki

Mji wa Nachingwea una uwanja wa ndege ambao umri wake unauzidi umri wa taifa letu. Haukujengwa kwa ajili ya wakulima wa korosho na ufuta ambao leo ndio uhai wa Nachingwea na jirani yake Ruangwa. Ulitokana na Mradi wa Karanga, ambao Waingereza waliuanzisha mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege iliyofungamana zaidi na zama hizo ni Dakota, ndege ya mizigo ya kijeshi ambayo ilikuja kubeba raia, barua na dawa. Wiki hii tumeona tuisimulie habari yake, kwani waliopata kuiona kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka.

Asili yake

Jina lake la kiwandani ni DC-3. Iliundwa na kiwanda cha Douglas cha Marekani, na iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1935, ikiwa ndege ya abiria. Vita vilipopamba moto, jeshi liliigeuza kuwa ndege ya shehena. Sakafu iliimarishwa, mlango mpana wa mizigo ukafunguliwa ubavuni, na ikapewa jina la C-47. Waingereza ndio waliyoiita Dakota, na jina hilo ndilo lililofika huku kwetu. Ziliundwa zaidi ya 10,000. Kila moja iliweza kubeba askari 28 au shehena ya karibu tani tatu, na mwezi Juni 1944 ndizo zilizowadondosha askari wa miamvuli katika pwani ya Normandy, Ufaransa.

Umbo lake halisahauliki. Ikiwa chini, husimama pua juu na mkia chini, kwa sababu gurudumu lake la tatu ni dogo na liko mkiani. Abiria aliyeingia kwa mlango wa nyuma alilazimika kupanda mwinuko ndani ya ndege hadi kukifikia kiti chake. Ina pangaboi mbili, na kila injini ina silinda 14 na nguvu za farasi zipatazo 1,200. Haina mtambo wa kushindilia hewa ndani, hivyo haikuweza kupaa juu sana ikiwa na abiria. Lakini ilikuwa na sifa moja iliyoipendekeza kwa nchi kama yetu: iliweza kutua na kuruka kwenye njia ya udongo au ya majani.

Vita vilipokwisha, maelfu ya ndege hizi yalikuwa hayana kazi tena, yakauzwa kwa bei nafuu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari zake Januari 1946 kwa vindege sita vya Dragon Rapide, nalo lilikuja kuzitumia. Katika miaka ya 1950 Dakota zake zilihudumia viwanja vya kusini, Nachingwea kikiwa kimojawapo.

Walichokiona kutoka angani

Mwaka 1946, wataalamu walioongozwa na John Wakefield waliizunguka Tanganyika kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari hiyo wakiwa katika ndege. Walirudi na pendekezo la kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, ambako makao ya mradi yakawa Nachingwea. Vifaa vingi vilikuwa masalia ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki.

Hapa pana funzo ambalo hatupendi limpite msomaji. Ndege humwonyesha mtu upana wa nchi, lakini haimwonyeshi undani wake. Ukiwa juu, pori huonekana tupu. Mtu haoni ugumu wa udongo, hajui mvua huadimika mwaka gani, wala hasikii wenyeji wanasema nini kuhusu ardhi ya babu zao. Wamwera, Wayao na Wamakua waliijua nchi hii kwa nyayo na kwa jembe.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule mkubwa, ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kuja Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yake yakang'olewa. Waliozoea kusikia honi ya garimoshi wakabaki na tuta la udongo.

Umuhimu wake kwa watu wa kusini

Ili kijana wa leo auelewe uzito wa ndege ile, hana budi kukumbuka jinsi kusini ilivyokuwa mbali. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo wasafiri wa Dar es Salaam walivuka kwa kivuko, na masika barabara ilikuwa ikikatika kwa majuma mengi. Katika hali hiyo, saa chache za ndege zilikuwa na thamani kubwa kwa mgonjwa, kwa mwenye barua ya msiba, na kwa hospitali iliyoishiwa dawa. Nauli haikuwa ya kila mtu, na wengi waliishia kuitazama tu ikipita. Lakini faida ya dawa na barua haikuishia kwa aliyekata tiketi.

Hata hivyo, chombo ni kimoja na nia za watu ni nyingi. Tangu katikati ya miaka ya 1960, Nachingwea iliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, ambao Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao wa kijeshi. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, jeshi la anga la Ureno lilikuwa likitumia ndege za aina hii hii ya Dakota katika vita dhidi ya wapigania uhuru hao. Mashine iliyopeleka dawa upande mmja wa mto ilihudumia ukandamizaji upande wa pili. Uhuru wa Msumbiji ulipatikana Juni 25, 1975.

Dakota na mahujaji

Waislamu tuna sababu nyingine ya kuikumbuka. Februari 14, 1945, Mfalme Abdulaziz wa Saudia alikutana na Rais Roosevelt wa Marekani ndani ya manowari katika eneo la Mfereji wa Suez. Mwaka huo huo Roosevelt alimzawadia mfalme ndege ya DC-3, na ndege hiyo ikawa chanzo cha Shirika la Ndege la Saudia, ambalo hadi leo linasafirisha mahujaji kutoka pande zote za dunia. Mwaka 1952, mahujaji zaidi ya 3,700 walipokwama Beirut huku siku za Hijja zikikaribia, walipelekwa Jeddah kwa C-54, ndege za kijeshi za kiwanda hicho hicho cha Douglas, kubwa kuliko Dakota. Chombo kilichoundwa kubeba askari na silaha kikawabeba waja waliovaa ihramu. Mwenyezi Mungu hukitumia akipendacho kwa heri aitakayo.

Mwisho wake

Katika miaka ya 1960 zilikuja ndege mpya za Fokker Friendship, na Dakota ikasogezwa pembeni. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, lilipata msaada wa Kanada katika kuanzisha kikosi chake cha anga, na likapokea ndege za mizigo za Caribou, ambazo nazo ziliweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mali zake zikawa mzozo wa nchi tatu.

Cha kustaajabisha ni kwamba Dakota kadhaa duniani bado zinaruka. Huko Kolombia zimeendelea kupeleka mizigo katika vijiji visivyo na barabara, na huko Oshkosh, Marekani, kuna kiwanda kinachozifunga injini mpya za kisasa. Kwa kuwa haishindiliwi hewa ndani, kiwiliwili chake hakichoki upesi kama cha ndege za kisasa. Kinachoiua ni uhaba wa vipuri, wa mafundi na wa petroli maalumu ya injini za zamani. Zilizobahatika ziko katika majumba ya makumbusho. Zilizosalia zilikatwakatwa kama vyuma chakavu, na alumini ikishayeyushwa haina nasaba: yaweza kuwa sufuria ya kupikia ubwabwa bila mpishi kujua iliwahi kupaa.

Nachingwea na Ruangwa hatuwezi kuirudisha ndege. Lakini kumbukumbu haihitaji petroli. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1955 sasa amepita miaka 80. Babu huyo akiondoka, ataondoka na yale ambayo hakuna jalada lililoyaandika: mashamba ya nani yalichukuliwa, vibarua walilipwa nini, nani alipona kwa dawa iliyoletwa na ndege, na siku reli iling'olewa watu walisema nini. Majalada ya Uingereza yamehifadhi hesabu za pauni. Hesabu ya watu wetu iko vifuani mwa wazee.

Tunaziomba familia zitenge jioni moja, baada ya swala ya Isha, vijana wamkalie babu au bibi na kumuuliza kwa adabu. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, na daftari la shule linatosha kuandika. Yaandikwe majina, mahali na miaka, na nakala iwekwe shuleni au madrasa. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na umri mwema, na awajaalie vijana wetu masikio ya kuwasikiliza.