Ndege Wawindaji (Sehemu ya Tatu): Mwewe

Wiki iliyopita tulimwacha tai mweusi majabalini, akivizia pimbi. Leo ni zamu ya mwewe, ambaye kila mfugaji wa kuku anamjua kwa kumlaani. Ni ndege wa kahawia, mkia una panda, na huupinda huku na huku hewani kama nahodha na usukani wake. Mwewe wetu wa Afrika akikomaa huwa na mdomo wa manjano. Wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wenye mdomo mweusi, huwa kwetu takriban Oktoba hadi Machi.

Wengi humsifu kwa ujanja. Mimi naona siri yake imo katika unyonge. Miguu yake ni dhaifu, haimudu windo kubwa. Tai mweusi humtegemea pimbi, na pimbi wakiadimika naye huzaa kwa shida. Mwewe hana windo lake maalumu, basi hafungwi na mahali pamoja.

Nyika ikiwaka, utamwona kwenye ukingo wa moshi akidaka panzi na mijusi wanaokimbia ndimi za moto. Mvua zikianza, huwanyaka kumbikumbi kwa mguu na kuwala papo hapo angani, bila kutua. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria hugombea matumbo ya samaki, na mijini huzungukia machinjio na majalala. Pale Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, amejifunza kumpokonya mtalii paja la kuku mkononi, hata waongoza watalii huwahimiza wageni wao wale ndani ya gari.

Mji wa Delhi, India, una mwewe wengi kuliko karibu mji wowote duniani. Taka zinachangia, lakini ipo pia desturi ya Waislamu wa mji mkongwe kuwarushia vipande vya nyama kama sadaka.

Hata kiota chake ni cha mkusanya takataka: vijiti, matambara, karatasi, samadi. Utafiti uliofanywa Doñana, Hispania, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba plastiki nyeupe anazotandika humo si pambo la bure. Mwewe wenye nguvu hutandika nyingi, kuwatangazia jirani kwamba mwenye nyumba yupo. Watafiti walipowaongezea wanyonge plastiki, wao waliziondoa. Majivuno wasiyoweza kuyatetea yangewaletea ugomvi.

Pasipomfaa ni ndani ya msitu mnene. Mabawa yake, yapatayo mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, yameumbwa kwa kuelea mahali peupe. Kule chini ya miti mirefu ametawala mwingine, mwenye mabawa mafupi mapana na makucha ya kumuua kima: tai mwenye kishungi, ambaye tutamfuata wiki ijayo.