Sauti Ikibanwa, Chumba Hujitokeza

Mwaka 1979 mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu, na katika studio ya Townhouse jijini London aliyeshika fimbo za ngoma alikuwa Phil Collins. Chumba cha ngoma kilikuwa na kuta za mawe. Juu ilining'inizwa maiki ambayo haikuwekwa ili irekodi muziki. Kazi yake ilikuwa kumwezesha fundi aliye upande wa pili wa kioo kusikia wanamuziki wanasema nini. Kwa kuwa mmoja huongea akiwa chini yake na mwingine akiwa pembeni kabisa, bodi ya kuchanganyia sauti ya SSL iliipitisha maiki hiyo kwenye kompresa kali ili wote wasikike sawa. Collins akapiga ngoma huku maiki iko wazi. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kikubwa kuliko ngoma zenyewe. Fundi Hugh Padgham akataka nyaya zibadilishwe ili mlio ule urekodiwe, akauongezea geti, yaani kifaa kinachoifunga sauti ghafla inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Ukaingia kwenye wimbo "Intruder", na mwaka 1981 ukavuma kila mahali kupitia "In the Air Tonight" wa Collins mwenyewe.

Anayejua kwa nini chumba kile kilinguruma hivyo anajua sehemu kubwa ya kazi ya kumiksi.

Kabla ya kompresa, fundi alikaa na kidole kwenye kitufe: mwimbaji akipaza, anashusha, akinong'ona, anapandisha. Kompresa hufanya hayo hayo kwa umeme, tena kwa kasi ambayo mkono hauiwezi. Ile iitwayo 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam mwaka 1967, inaweza kuishika sauti ndani ya mikrosekunde 20. Unaiwekea kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka hubanwa, kisha uwiano wa kubana. Tuseme mwimbaji wa taarabu amepanda desibeli 12 juu ya kizingiti, na uwiano ni 4 kwa 1. Itakayotoka itakuwa juu ya kizingiti kwa desibeli 3 tu. Desibeli 9 zimebanwa. Sasa sauti inaonekana ndogo, kwa hiyo unaipandisha yote kwa desibeli 9 ili kufidia. Hapa ndipo pa kutega sikio. Ule ukelele umerudi pale pale ulipokuwa. Lakini pumzi kabla ya ubeti, feni, pikipiki iliyopita nje na mvumo wa kuta, yaani vyote ambavyo havikukifikia kizingiti, vimepanda kwa desibeli 9 kamili.

Ndicho kilichotokea Townhouse. Pigo la ngoma lilibanwa papo hapo. Kompresa ilipoanza kuachia, mwangwi wa mawe uliokuwa ukififia ukawa unanyanyuliwa kwa kadiri ile ile ya kufifia kwake, ukabaki karibu sawa na pigo lenyewe, hadi geti lilipoukata. Sikio halijawahi kukutana na chumba cha namna hiyo, kwa sababu hakipo: mwangwi wa kawaida hupungua hatua kwa hatua, haugomi kushuka kisha ukatoweka.

Jinsi mwangwi unavyopungua tunajua kutokana na kazi ya Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard nchini Marekani. Mwaka 1895 aliombwa aurekebishe ukumbi wa mihadhara wa Fogg, ambamo neno lilidumu hewani kwa sekunde tano na nusu, likiyafunika yaliyolifuata. Alifanya kazi usiku, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake, huku akiingiza mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders. Mito ilivyozidi, mwangwi ulifupika. Akapata kanuni yake: muda wa mwangwi huongezeka chumba kikiwa kikubwa, na hupungua kadiri vitu vinavyofyonza sauti vinavyozidi. Siku hizi muda huo huhesabiwa hadi sauti ishuke desibeli 60, na ndiyo zile sekunde unazozichagua kwenye programu ya riverbu, yaani mwangwi wa kutengenezwa.

Nasisitiza habari ya mito kwa sababu studio nyingi za mitaani ni chumba cha saruji chenye sakafu ya vigae. Mwimbaji akirekodiwa humo, kisha akabanwa kwa desibeli 9, kile chumba kidogo kinakuja mbele pamoja naye, na riverbu ya ukumbi mkubwa utakayoiongeza baadaye haitakificha. Utasikia vyumba viwili vikigombana. Magodoro yaliyosimamishwa ukutani na mablanketi mazito, kabla ya kurekodi, yana faida kuliko programu yoyote ya kununua.

Halafu kuna suala la muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita tano mbele yako huirudisha baada ya milisekunde 29. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba mrudio unaofika mapema kiasi hicho sikio huuunganisha na sauti ya kwanza. Ndiyo maana mafundi huichelewesha riverbu kidogo, mara nyingi milisekunde 20 hadi 40: silabi inatoka safi, kisha ukumbi unafuata.

Kuhusu kipi kitangulie, mimi naiweka kompresa kwenye sauti ya mwimbaji kwanza, na riverbu kwenye njia yake ya pembeni. Ukiibana sauti ambayo tayari imechanganywa na riverbu, mwangwi hupanda na kushuka kila mwimbaji anapovuta pumzi, na wimbo wa polepole huharibika kabisa. Kupanda na kushuka huko kunaweza pia kutumiwa kwa faida. Weka kompresa ya pili kwenye ile njia ya riverbu, uiunganishe ili iongozwe na sauti ya mwimbaji. Anapoimba, riverbu inabanwa na maneno yanasikika. Anapomaliza mstari, kompresa inaachia na ukumbi unajaa ule mwanya kabla ya mstari unaofuata.