Mwalimu, Weka Mikono Mapajani

Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha San Francisco nchini Marekani, Mary Furlong alianzisha SeniorNet, mradi wa kuwafundisha kompyuta watu waliovuka umri wa miaka 50. Katika vituo vyake vya kujifunzia, walimu walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wazee kama wanafunzi wao. Utaratibu huo una hekima ya kitabibu, nao unawahusu vijana wetu wanaojitolea kuwafundisha wazee matumizi ya intaneti. Mwalimu aliye mzee hamcheki mwanafunzi asiyeyaona maandishi, kwa sababu naye hayaoni.

Kuanzia takriban miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na maandishi ya karibu huanza kufifia. Baadaye huweza kuja ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao huutawanya mwanga wa kioo. Kwa hiyo somo la kwanza liwe kukuza maandishi na, inapobidi, kumpeleka mzee akapimwe macho. Mara nyingi anayedhaniwa haelewi ni mtu asiyeona tu.

Vidole navyo vina habari yake. Kioo cha simu janja huutambua mguso kwa umeme hafifu, na ngozi iliyokauka kwa uzee huupitisha kwa shida. Mzee hugusa, simu haijibu. Hukandamiza kwa nguvu na kwa muda mrefu, na simu, ikiuchukulia huo kuwa mguso wa aina nyingine, humfungulia asichokiomba. Hapo ndipo husema kwamba mambo haya ni ya watoto. Kumbe kuinyevusha kidogo ncha ya kidole, au kurefusha muda wa mguso katika mipangilio ya simu, huweza kuitatua shida hiyo.

Mwalimu mwenyewe huweza kuwa kikwazo. Kijana mwema, kwa haraka zake, huichukua simu ya babu na kumfanyia. Kazi huisha, lakini babu hakujifunza kitu. Ubongo wa mzee hupokea jambo jipya polepole, nao hulishika zaidi kwa kulitenda mwenyewe, tena na tena, kwa siku tofauti.

Hasara kubwa zaidi ni ya siri. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, pochi za wazee wengi zimo ndani ya simu. Asiyeweza kuifungua mwenyewe humpa mjukuu, jirani, hata mpita njia, namba yake ya siri, na pamoja nayo ujumbe wa kliniki na majibu ya vipimo. Daktari hatamwambia jirani ugonjwa wa mtu. Simu iliyo mkononi mwa jirani humwambia.

Basi bibi anapoingiza namba yake, mwalimu ageuke pembeni. Akisema, “Mjukuu wangu, nibonyezee wewe,” ajibiwe kwa upole: “Bonyeza tu, bibi. Nakusubiri.”