Saratani ya ini: MRI inavyoweza kuonyesha mapema nani atasaidiwa na tiba

Mgonjwa wa saratani ya ini ambaye hawezi kufanyiwa upasuaji mara nyingi hupewa tiba inayoitwa TACE. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye ini, anamwaga dawa ya saratani palepale kwenye uvimbe, kisha anaziba mshipa unaoulisha.

Ini lenyewe halifi, kwa sababu karibu asilimia 75 ya damu yake hutoka kwenye mshipa mwingine unaopitia utumbo. Saratani ndiyo inayotegemea zaidi ateri inayozibwa.

Shida ni kwamba tiba hii haimsaidii kila mtu. Wengi tayari wana sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na kila tiba inalichosha zaidi. Ukikosea kuchagua, umepoteza miezi na ini limedhoofika bure.

Hapo ndipo MRI inaposaidia. Mgonjwa anachomwa dawa yenye madini ya gadolinia, na ndani ya nusu dakika hivi uvimbe ulio hai unang'aa kwenye picha. Sehemu iliyokufa haing'ai. Ndiyo maana kupima ukubwa peke yake kunadanganya: uvimbe unaweza kubaki na sentimita 5 zilezile, kumbe ndani umeshakufa. Tangu mwaka 2010 kuna vigezo vya kimataifa, mRECIST, vinavyohesabu sehemu inayong'aa tu.

Hiyo ni baada ya tiba. Je, kabla? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliifundisha kompyuta kwa picha za MRI na taarifa za wagonjwa 36 zilizochukuliwa kabla ya tiba. Ikabashiri sawasawa kwa asilimia 78 nani angeitikia na nani asingeitikia. Dalili mbili zilikuwa na uzito: kama mgonjwa ana sirosisi, na jinsi uvimbe unavyoonekana kung'aa.

Matokeo yanatia moyo, ila wagonjwa 36 ni wachache mno kumnyima mtu tiba. Uamuzi bado ni wa madaktari, wakiangalia pia vipimo vya damu na hali ya mgonjwa.

Kama ndugu yako anatibiwa, tunza CD ya MRI ya kwanza, usibaki na ripoti ya karatasi tu. Daktari akiweza kulinganisha picha za kabla na za baada, ni rahisi zaidi kwake kujua kilichokufa na kilichobaki.