Mahindi ya ukungu si chakula cha samaki

"DAKTARI, mahindi yangu yameshika ukungu. Watoto siwezi kuwapa. Nikiyasaga niwape samaki, kuna ubaya?"

Swali hili niliulizwa na mzee mmoja wa hapa Matuu aliyekuja kupimwa presha. Amechimba kidimbwi cha ngege karibu na Mfereji wa Yatta, ambao ndio tegemeo letu la maji katika sehemu hii kavu. Nilimjibu kwa ufupi, "Mzee, usiwape." Sababu zake ni ndefu kidogo, na zinamhusu pia mkazi wa mjini anayenunua samaki bila kujua walilishwa nini.

Omena waachiwe watoto

Gharama kubwa ya mfugaji wa samaki ni chakula. Kwa muda mrefu protini ya chakula hicho imetokana kwa kiasi kikubwa na omena wa Ziwa Victoria. Kwa upande wa afya, hiyo ni hasara. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa, na humpa mtoto protini na madini ya kalsiamu kwa bei ambayo familia maskini inaweza kumudu. Omena aliyesagwa kuwa chakula cha mifugo hafiki kwenye sufuria ya mama.

Kwa hivyo ni jambo la heri kwamba ngege anaweza kulishwa mabaki ya mimea: pumba za mahindi na mchele, na mashudu ya alizeti au pamba.

Kazi ya vimeng'enya

Hata hivyo, mabaki hayo yana kasoro. Karibu theluthi mbili ya madini ya fosforasi yaliyo katika nafaka na mbegu yamefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati. Tumbo la samaki haliwezi kukifungua vizuri. Fosforasi hutoka na kinyesi na kurutubisha mwani kidimbwini. Mwani ukizidi, hewa ya oksijeni majini hupungua usiku, na alfajiri mfugaji hukuta samaki wake wanaelea.

Dawa yake ni kimeng'enya kiitwacho fitesi, ambacho huchanganywa na chakula kwa kiasi kidogo sana. Joto kali hukiharibu, kwa hivyo mara nyingi hunyunyizwa chakula kikishapoa.

Fitati hiyo hiyo hushikilia madini ya chuma na zinki katika ugali na githeri tunayokula. Akina nyanya waliochachusha unga wa uji usiku kucha walikuwa wakiipunguza bila kujua jina lake.

Ukungu hauna tiba

Lakini fitesi haiondoi sumu ya ukungu. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa sumu ya aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Sisi wa Ukambani tunaijua vyema. Mnamo 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika wilaya ya Machakos na 12 wakafariki. Mnamo 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakashindwa kufanya kazi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi naye yumo katika hatari ya saratani ya ini.

Samaki naye ana ini. Mnamo 1960, samaki wa kufugwa aina ya trauti nchini Marekani walipatwa na saratani ya ini kwa wingi. Chanzo kilipatikana katika mashudu ya pamba yaliyokuwa na aflatoksini. Ngege ni mgumu kuliko trauti, lakini naye hudumaa na ini lake huharibika. Sumu hubaki zaidi katika ini kuliko katika nyama. Ng'ombe akilishwa mahindi kama hayo, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa.

La kuzingatia

• Kausha nafaka juu ya turubai, si juu ya udongo.

• Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu.

• Nunua pumba na mashudu ya kutosha muda mfupi tu. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye pumba.

• Kataa chakula chenye harufu ya uvundo au kilichogandana. Lakini kumbuka kwamba sumu yaweza kuwepo hata pasipoonekana ukungu. Anayefuga kwa biashara apeleke sampuli ipimwe.

• Unaponunua samaki, ondoa matumbo yote pamoja na ini.

Mzee aliniuliza, "Basi nifanye nini na magunia matatu?" Nilimshauri ayafukie mbali na kuku, ng'ombe na kidimbwi. Alinyamaza kwa muda. Magunia matatu si kitu kidogo kwa mkulima wa Yatta. Lakini hasara hiyo yaweza kufidiwa na mavuno yajayo. Ini likishaharibika, hakuna mavuno ya kulifidia.