Mpira wa mashine ya kufulia unavuja? Usikimbilie kukaza

Jumamosi asubuhi nimegongewa mlango na mama wa nyumba ya chini. Kanipeleka kwake kanionyesha dari: doa la maji saizi ya sinia, tena karibu na taa. Aibu niliyoona we acha tu. Narudi mbio, nafungua kabati la chini ya sinki: mbao zimevimba, pakiti ya sabuni imekuwa uji. Pale ndipo ulipoungwa mpira unaopeleka maji kwenye mashine ya kufulia.

Nikachukua plaisi, nikakaza nati kwa nguvu zote. Maji yakazidi! Fundi bomba alipofika akacheka, kisha akanipa darasa. Nawamwagia bure.

1. Umeme kwanza. Zima mashine, chomoa waya. Kama maji yamekaribia soketi, usiguse kitu hapo, kazime swichi kuu. Halafu funga koki ndogo ya chini ya sinki. Ikigoma, funga ya tenki au ya nje.

2. Usiamini dimbwi. Maji hufuata mpira yakadondokea mbali. Kausha kila kitu, zungushia karatasi ya chooni kwenye maungio, fungua koki kidogo. Panapolowa kwanza ndipo penye ugonjwa. Ukikuta mpira wenyewe umevimba au una nyufa, usihangaike kuufunga na plastiki, nunua mwingine.

3. Kama ni kwenye nati, funga koki, weka bakuli chini, ifungue. Ndani kuna pete ndogo ya mpira, mafundi wanaiita washa. Siri yote iko hapa: kinachozuia maji ni washa kubanwa, siyo uzi wa nati. Ndiyo maana ile tepu nyeupe haisaidii hapa, hiyo ni ya maungio yanayoziba kwenye uzi. Washa yangu ilikuwa imekauka kitambo, na mimi kwa kukaza ndo nikaimalizia kabisa. Beba ya zamani dukani upate saizi ileile. Mipira mingi ya mashine ni robo tatu inchi, ya bomba la sinki kwa kawaida ni nusu inchi, kwa hiyo usinunue kwa kukisia.

4. Safisha, weka washa mpya ilale sawa, rudisha nati kwa mkono. Ikigoma mwanzoni imeingia upande, ifungue uanze upya. Ikifika mwisho, ongeza robo mzunguko kwa plaisi, basi. Nati za plastiki ukizidisha zinapasuka.

5. Fungua koki taratibu, weka karatasi kavu chini, iache usiku kucha. Usiku watumiaji ni wachache, presha inapanda, na ndipo ubovu unapojionyesha.

Tusidharau matone. Kikombe cha robo lita kwa saa ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi. Hizo ni ndoo 9 za lita 20, na wewe unalalamika bili!

Mimi washa imenigharimu bei ya chapati. Dari la jirani ndo kasheshe, nalipa mimi, na fundi rangi hajafika bado. Siku hizi mashine ikimaliza kufua tu, nafunga koki.

Mwenye nyongeza amwage hapo chini.